Kura ya Kusimama ya Mlima Gilboa

Vernell Pettaway hakuwahi kuhubiri hata siku moja. Muulize shemasi yeyote wa Kanisa la Baptisti la Mlima Gilboa, pale Macon, Georgia, atakuapia. Alichokifanya kila Jumapili, tangu kiharusi kilipomwangusha Mchungaji Stroud, kilikuwa "kutoa neno la kutia moyo." Neno hilo lilichukua dakika arobaini. Watu waliinuka vitini wakilia, vipepeo vya karatasi vya kujipungia hewa, vilivyogawiwa na nyumba ya mazishi, vikapepea kila upande, na zaidi ya mara moja mtu mzima alianguka akabebwa. Lakini kuhubiri? Thubutu!

Mahubiri yalitoka mimbarani, na mimbara ilikuwa juu, penye ngazi tatu na zulia jekundu. Vernell alisimama chini, sakafuni, kwenye kimeza cha maua. Akipanda zile ngazi ilikuwa kwenda kufuta vumbi, na hilo hakuna aliyemkataza.

Mashemasi nao walikuwa na adabu yao. Mwanamke akianza kusema, walinyanyuka mmoja mmoja, wakashika kofia, wakatoka nje "kuangalia magari." Magari yenyewe yalikuwa hayaendi popote. Walisimama chini ya kivuli cha ukuta wakizungumza habari za besiboli mpaka waliposikia wimbo wa kufunga, ndipo waliporudi na nyuso za watu waliotoka kazini. Lucius, mume wa Vernell, alikuwa shemasi pia. Naye alikuwa akitoka.

Tusimlaumu Lucius mapema. Alikuwa mtu mwema, mkimya, fundi wa mabomba, na tangu aoane na Vernell hakuwahi kumpazia sauti. Mkewe aliyatengeneza maneno yake ya Jumapili jikoni wiki nzima, akipiga pasi, akikoroga mboga za majani zenye mguu wa nguruwe, akisema kwa sauti, akirudia, akikosoa. Lucius aliketi mezani na kikombe cha kahawa. Mara nyingine alisema, "Hapo weka kituo, mke wangu. Wape nafasi wapumue." Na Vernell akaweka kituo.

Wito wenyewe ulimjia akiwa na miaka kumi na tisa, akimenya mapichi kiwandani. Alimwendea mchungaji wa wakati ule, akamweleza. Mzee akamtazama kwa huruma. "Binti yangu, Bwana anakuita ukafundishe watoto." Mwezi uleule kijana mmoja wa kanisani, mdogo wa Roscoe Gaines, alikula nyama ya nguruwe usiku, akaota anapanda ngazi, na kufikia Jumapili iliyofuata alikuwa na kibali cha kuhubiri chenye muhuri. Vernell akafundisha watoto. Kisha kwaya, kisha jiko, kisha umoja wa akina mama, kisha ujenzi wa paa jipya. Kila alichokishika kilisimama. Kila kilichosimama walimshukuru mchungaji.

Shuleni alikofundisha hesabu mambo yalikuwa ndugu mmoja na haya. Mara tatu walimfanya kaimu mwalimu mkuu. Mara ya kwanza bodi ikaleta Mzungu mmoja wa kiume, ati shule inahitaji sura mpya. Mara ya pili ikaleta mwanamume mweusi, ati wavulana wanahitaji baba. Mara ya tatu ikaleta mwanamke wa Kizungu, ikatangaza kwa fahari kubwa kwamba sasa imefika zamu ya wanawake. Siku hiyo Vernell aliingia chooni akajitazama kwenye kioo muda mrefu, kuhakikisha. Kisha akatoka akamwonyesha bosi mpya funguo zilipo.

Basi Mchungaji Stroud akafariki, Mungu amrehemu, na kamati ya kutafuta mchungaji ikakaa. Mwenyekiti alikuwa Shemasi Roscoe Gaines, mtu mnene mwenye sauti ya pipa. Vernell alipiga moyo konde, akaenda mbele ya kamati akasema anautaka uchungaji. Ana cheti cha chuo cha Biblia, alikisomea jioni kwa miaka. Wanamjua tangu utoto.

"Dada Vernell," Gaines akasema, akitabasamu kama anampa mtoto peremende, "hakuna anayekupenda kuliko sisi. Lakini kanuni inasema anayeomba awe ameshahubiri. Wewe umeshahubiri?"

"Miaka miwili mmekuwa mkinisikia kila Jumapili."

"Ah! Hayo yalikuwa maneno ya kutia moyo."

"Na mlikuwa nje."

"Ndiyo hivyo," Gaines akasema, wala hakuona aibu. "Hatuwezi kushuhudia tusiyoyasikia."

Aliyeilegeza kamati alikuwa Mama Odessa Crumbley, mjane wa miaka themanini na zaidi, mkuu wa baraza la akina mama wazee, ambaye hata Gaines alimwogopa kwa kuwa aliwahi kumchapa akiwa mdogo. Mama Odessa aliingia na fimbo yake, akasema wanaume wawili wameshaletwa kujaribiwa mimbarani na wote wawili wamekuwa kituko. Walete mwingine mmoja tu. Kanisa likimkataa huyo, jina la Vernell liende mbele ya waumini. Gaines akajaribu kujifanya hamnazo. Mama Odessa akaigonga fimbo sakafuni. Wakakubaliana.

Akina mama wakapanga njama yao jikoni, wakikaanga kuku. Mlima Gilboa hupiga kura kwa kusimama: anayekubali anasimama, basi. Na akina mama walikuwa wawili kwa kila mwanamume mmoja.

"Siku hiyo mimi nimekaa," Mama Odessa akasema. "Hata moto ukiwaka, nimekaa."

"Na sisi tumekaa," wakajibu.

Vernell akageukia sufuria wasione machozi. Tangu utoto alikuwa hajawahi kutaka kitu kwa nguvu namna ile, na sasa kilikuwa karibu, kilihitaji watu wasifanye lolote. Watu kutofanya lolote, jamani, hilo si wanaliweza?

Jumapili ikafika, na mgombea pia. Mchungaji Tyrell Whitlow kutoka Savannah, kijana mtanashati, suti ya rangi ya maziwa, meno yote mahali pake. Akapanda mimbarani. Mashemasi wakabaki ndani, maana leo palikuwa na mahubiri. Whitlow akafungua Luka, habari za yule mwanamke aliyepinda mgongo miaka kumi na minane.

Vernell akakaa sawa kitini. Alikuwa amelisemea andiko hilo masika yaliyopita.

"Miaka kumi na minane," Whitlow akaanza, "mama huyu alitembea akitazama chini. Alijua viatu vya kila mtu kijijini..."

"Lakini uso hakuujua hata mmoja!" akina mama wakamalizia, kabla hajafungua mdomo.

Whitlow akafurahi, akadhani Roho ameshuka. "Alijua nani ana pesa..."

"Kwa soli ya kiatu!"

"Alijua nani anakuja kwa wema..."

"Kwa hatua zake!"

Sasa hata vituo vilikuwa vilevile. Pale Lucius aliposema wape nafasi wapumue, Whitlow akasimama, akawapa nafasi wakapumua. Vernell alihisi damu inampanda masikioni. Alijua mara moja. Dada Lorraine alikuwa akimrekodi kwenye kaseti kwa ajili ya wagonjwa, kaseti zisizo na jina, zikapita mkono kwa mkono, shangazi kwa binamu, hadi Savannah. Maskini kijana, mwizi aliyebeba mbuzi usiku kucha akaenda kumwuza kwa mwenyewe!

Na mashemasi je? Ndio waliotia fora. Walikuwa hawajawahi kuyasikia maneno yale. Gaines alilia waziwazi. "Sema, Mchungaji! Haya ndiyo mahubiri! Miaka mingapi tumekaa na njaa humu!"

Ibada ilipoisha, kabla ya kura, Mama Odessa akainua fimbo. "Hayo ni ya Vernell. Neno kwa neno."

Minong'ono ikazagaa kanisa zima. Whitlow akaangalia viatu vyake, na vya kila mtu.

"Mama Odessa, heshima yako," Gaines akasema, "akina mama mna mapenzi, masikio yenu yanasikia mnachotaka. Tupate shahidi asiye na upande." Akageuka. "Shemasi Pettaway. Unaishi naye nyumba moja. Haya ni maneno ya mkeo?"

Kanisa zima likamgeukia Lucius. Alikuwa kwenye benchi la mbele na wenzake, kofia magotini. Vernell aliona shingo yake tu, ile shingo aliyoinyoa mwenyewe jana yake. Sema, Lucius. Sema ndiyo tu, uketi.

Lucius akakohoa. "Mimi, Shemasi... Jumapili mimi huwa nje. Kwenye magari."

Ilikuwa kweli tupu, na hakuna uongo ambao ungemwuma Vernell zaidi. Asubuhi zote zile, kahawa yote ile! Akajua akibaki pale dakika moja zaidi atapiga kelele ndani ya nyumba ya Mungu.

"Basi tusipoteze muda," Gaines akanguruma. "Wanaomkubali Mchungaji Whitlow, wasimame!"

Vernell akasimama. Akachukua mkoba wake akaelekea mlangoni, haoni mbele wala nyuma.

Dada Lorraine akamwona amesimama, akashtuka, akasimama. Nyuma yake kwaya. Mama Odessa akakunja uso, akamtazama Vernell anavyokwenda na kichwa juu, akasema, "Kumbe kuna mpango mwingine," akaegemea fimbo akanyanyuka. Na Mama Odessa akisimama, nani atakaa? Kanisa zima likasimama kwa kishindo.

"Kauli moja!" Gaines akapaza sauti, haamini macho yake. "Tuombe!" Akaomba haraka kama mtu anayekimbia mvua. Mlangoni mhudumu mwenye glavu nyeupe akamnyoshea Vernell mkono, maana Mlima Gilboa watu hawatoki wakati wa maombi, na kura ikishaombewa haifunguliwi tena. Vernell akasimama hapo, pua imekaribia mbao, mpaka amina.

Ndipo akageuka, akawaona wote wamesimama, wanamtazama yeye.

"Haya, mwanangu," Mama Odessa akanong'ona kwa sauti iliyofika mimbarani. "Umesimama, tumesimama. Sasa tunafanyaje?"

"Mama," Vernell akasema, "mimi nilikuwa naondoka."

Mtu mmoja kwenye kwaya akasema "Yesu wangu" polepole. Dada Lorraine akashika mdomo. Walikuwa wamemfuata, kama walivyomfuata kwenye paa na kwenye jiko na kwenye kila kitu, na wamemfuata mpaka wamemchagua Whitlow.

Gaines naye alikuwa akiangaza benchi la mbele. "Shemasi Pettaway, mbona wewe umekaa? Magoti?"

Lucius hakuinua uso. "Si magoti, Roscoe. Nimekaa." Akaishika kofia kwa mikono miwili. "Yale maneno ni yake. Nimeyasikia jikoni wiki nzima, mpaka mahali pa kupumua. Nilipaswa kusema."

"Basi ulipaswa kusema kabla ya amina," Gaines akajibu. "Imeshaombewa."

Vernell alimtazama mumewe kwa mbali. Alikuwa na hasira naye ya kutosha mwaka mzima, na alitaka kumlilia begani, vyote kwa pamoja. Akina mama walikuwa bado wima, hawajui waende au wabaki, wengine wanalia. Gaines akawaambia waketi. Hakuna aliyeketi. Akarudia, akagonga meza. Wakaendelea kumtazama mwanamke wa mlangoni.

"Kaeni," Vernell akasema, bila kupaza sauti.

Kanisa zima likakaa. Mashemasi wakakaa. Kule juu kwenye zulia jekundu mchungaji mpya, na meno yake yote, naye akakaa. Mhudumu akafungua mlango, Vernell akatoka.

Lucius peke yake ndiye aliyesimama, akachukua kofia yake, akamfuata.