Wimbo Uliouliza Watu Kwao

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo kama ingekwenda kombo, leo usingekuja kuniuliza habari za muziki. Ungenikuta bibi muuza karanga tu. Bendi yetu ilikuwa mali ya shirika moja la umma hapa Dodoma, na mimi nilikuwa mwimbaji wa kike pekee. Ikaja biashara huria, shirika likavunjwa, kiongozi wetu akakimbilia Dar es Salaam. Tulibaki na vyombo chakavu na wanaume wanaotazamana. Kwa kuwa nyimbo nyingi nilikuwa nazitunga mimi, wakaniambia, "Dada Mwaja, tuongoze." Nikakubali hapo hapo. Sikuwa na haya, na sina mpaka leo.

Wakati huo vijana wa disko walishaingia mjini na kaseti zao na maspika marefu kama makabati. Mwenye ukumbi tuliokuwa tukipigia, karibu na stesheni, akaniita akaniambia bila kupepesa macho, "Jumapili ijayo mtapokezana na disko. Atakayewachezesha watu ndiye atabaki na Jumapili zangu." Ukumbi mwingine hatukuwa nao. Tukishindwa, bendi imekufa, na kila mtu arudi kwao kulima.

Basi nikawakazania wenzangu tujifunze nyimbo za Kikongo zilizokuwa zikivuma. Nilitaka tuzipige vilevile zilivyo, ingawa nusu ya maneno nilikuwa siyaelewi. Mchana mmoja tukiwa mazoezini, Mzee Lechipya, mpiga saksafoni wetu kutoka Mlali, mtu mpole ambaye hata salamu yake ilikuwa fupi, akaacha kupiga.

"Mwaja, wimbo huu disko wanao?"

"Wanao, mzee. Ndiyo maana watu wanaupenda."

"Sasa mtu atoke nyumbani kwake aje kusikiliza unavyokosea Kilingala? Kaseti haikosei. Lakini kaseti haimjui mtu. Wewe unawajua hawa watu, mbona unawakimbia?"

Wenzangu walicheka mpaka mpiga besi akajifuta machozi. Mimi nilitoka nje nimevimba kwa hasira, kwa sababu nilijua mzee kasema kweli. Nikasimama upande wa stesheni. Treni ilikuwa imeingia, abiria wanashuka na mizigo, na kila waliposalimiana kwa Kigogo, "Mbukwa, mbukwa," swali lililofuata lilikuwa lile lile: wewe mwenyeji wa wapi? Ujue, mwanangu, bendi za siku zile zilikuwa na desturi ya kutaja majina ya wakubwa katikati ya wimbo, nao wakubwa wakitabasamu mezani kwao. Mtu wa kijijini Busi aliyekuja mjini kuuza alizeti hakuna aliyemtaja.

Nikarudi ndani mbio. Nikampa mpiga tumba mdundo wa ngoma ya mama zangu wa Kigogo, ile wanayoibana mapajani. Kiitikio nikakifanya swali: "Mwenyeji wa wapi wewe?" Hapo bendi inyamaze, tungoje jibu.

Jumapili ikafika. Disko lilianza, ukumbi ukatifuka vumbi. Zamu yetu ilipofika watu wakaenda kukaa. Nikaimba swali langu. Watu wakaendelea na mazungumzo yao. Nikaliimba tena. Ndipo mama mmoja aliyefunga kanga kiunoni akapaza sauti kutoka nyuma, "Ihumwa!" Nikamwimbia Ihumwa yake, reli yake na mtama wake, papo hapo, maneno yakija yenyewe. Akaingia uwanjani anatikisa mabega. "Busi!" akaita mwingine. Karani mmoja wa Bunge, tai shingoni, akasimama juu ya kiti, "Bukoba!" Wanafunzi wakafuata, kila mmoja na kwao. Mzee Lechipya akapuliza saksafoni yake mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Zamu ya disko ilipowadia, kijana wao akaweka kaseti. Watu wakampigia kelele, "Toa! Kwetu bado hakujatajwa!" Nililia palepale jukwaani, mwanangu, na maikrofoni mkononi. Furaha ya namna ile sijawahi kuificha. Mwenye ukumbi mwenyewe akaja mbele, akanong'ona kwao ni Mpwapwa, nikamwimbia.

Jumapili zikawa zetu kwa miaka mingi. Tulipiga Kondoa, tukapiga Kongwa, redio ikaturekodi, na Dar es Salaam walituita wenyewe. Niliongoza wanaume wale mpaka mvi zikatuota pamoja.

Sasa nisikilize. Jifunze nyimbo za wengine, zitakunoa. Ila ukisimama mbele ya watu, usiwaletee kitu ambacho wangeweza kukipata bila wewe. Wajue ni akina nani, waulize kwao, kisha nyamaza uwasikie. Hiyo ndiyo kazi yetu, mengine ni vyombo tu.

Mungu akupe wimbo ulio wako, mwanangu, na siku utakapouimba akujazie ukumbi wa watu wanaoona kwao kunatajwa.