Kwanga ya Koko

Wiki iliyopita, sokoni Bukoto, muuzaji mmoja alifungua majani ya kwanga, ule mkate wa kwetu, mbele yangu, na ile harufu kali ya muhogo uliochachuka ikanirudisha Katwe, kwenye chumba tulichopanga jirani na wachomea vyuma. Nilisimama pale na vitunguu mkononi, nimesahau nilichokuja kununua.

Msinicheke, lakini utotoni nilipima umbali kwa kwanga. Mama aliwafungia wasafiri wa kwetu kwanga za njiani, kwa kadiri ya safari. Wa kwenda Jinja hakupewa kitu, kwa hiyo kwangu Jinja ilikuwa nyuma tu ya nyumba. Wa kwenda Goma, mji tulioukimbia wakati wa vita, alijaziwa kikapu, maana basi lilikwenda usiku kucha, na asubuhi bado kulikuwa na mpaka wa kuvuka.

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake mama, alikuwa amekonda hadi nikamwogopa. Alitaka kitu kimoja: azikwe Goma, kando ya babu. Mjomba akasema atampandisha ndege Entebbe.

"Saa moja tu, dada. Hata njaa haitamushika."

Nilifurahi mno. Goma isiyohitaji kwanga ilikuwa karibu kama Jinja. Ningemtembelea Koko kila Jumamosi.

Lakini uwanjani walimtazama Koko wakakataa. Mgonjwa wa namna ile, walisema, hapandi bila daktari. Mjomba akarudi naye mchana uleule, na mama akaanza kupanga kwanga za basi. Nikaona ni chache, za mtu mmoja.

"Mama, ya Koko iko wapi?"

"Koko hatakula," akasema, bila kunitazama.

Nikamwona mama mchoyo. Nikachukua kwanga niliyowekewa mimi, nikaificha kwenye kitenge cha Koko. Jioni mama na Koko wakaondoka.

Mama alirudi peke yake. Nilimuuliza jambo moja tu: Koko alikula kwanga yangu? Akanikumbatia hadi nikaumia, akasema ndiyo, ilitufikisha. Nikatamba nayo mtaani kwa miezi.

Nilikuwa mtu mzima, nina wanangu, aliponieleza. Koko alikata roho walipokuwa wameipita Mbarara. Maiti haivuki mpaka hivihivi. Wangeshushwa, na Koko angezikwa na watu wasiomjua. Mama akamfunika vizuri, akamwegemeza begani, akalia kimya kimya. Mpakani abiria wengine wakashuka, askari akapanda.

"Huyu muzee iko na shida gani?"

Mama akafungua kwanga yangu, akamega kipande, akakipeleka kwenye midomo ya mama yake, iliyokwisha kupoa.

"Malaria tu, afande. Njo ninamulisha. Kula, mama. Kula kidogo."

Askari akageuza uso, akashuka.

Koko alizikwa alipotaka. Mimi niliyahesabu mafungu yale ya kwanga nikaona uchoyo, kumbe mama alikuwa amepima njia, akampima na Koko, akajua barabara itamshinda. Akapanda naye hivyohivyo. Inaniuma kwamba alilijua hilo akiwa peke yake, mimi nimesimama pembeni nimemnunia.

Nilimuuliza kile kipande alikitupa wapi.

"Nilikula mi mwenyewe," akasema. "Njia ilikuwa bado murefu."