Ndege Mzima

Duka la pembejeo la Sosthenes Kalinga liko Iringa mjini, upande wa Mashine Tatu, na wateja wake wanamjua kwa mambo mawili: hapunguzi bei na hacheki ovyo. Jambo la tatu hawalijui. Nyumbani kwake Kihesa, ndani ya kabati la vioo ambalo mkewe Paskalina alilinunua kwa ajili ya vyombo vya wageni, zimepangwa ndege za kivita za plastiki, na kila moja, ukiijua namna ya kuikunjua, inageuka roboti lenye mikono, miguu na uso wa hasira. Vyombo vya wageni vinakaa kwenye katoni chini ya kitanda.

Alianza bila kukusudia. Juni moja, wakati wa baridi ile inayowafanya watu wa Iringa washike kikombe cha chai kwa mikono miwili, alijaribu koti la mtumba sokoni, na mfukoni akakuta kindege cha kijivu kisichozidi kidole gumba. Akakibonyeza mkia, mkia ukagawanyika ukawa miguu. Mtu mzima mwenye mke na kiwanja alisimama katikati ya soko akikifungua na kukifunga, mpaka mwenye mitumba akamuuliza kama koti analichukua au halichukui. Tangu hapo kila Jumamosi alipitia mafungu ya midoli ya mitumba, akipekua magari yasiyo na magurudumu na wanasesere wasio na vichwa, na mara mojamoja alirudi nyumbani na ndege.

Mwaka wa pili alivunja moja. Ilikuwa nyekundu, nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, na yeye kwa pupa akauvuta mguu kabla hajafungua kibanio cha nyonga. Goti likakatika. Plastiki ya miaka mingi hukauka, haina msamaha. Tangu siku ile Sosthenes hakugeuza ndege yoyote. Alizipangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea ndevu, akazipanga pua zielekee dirishani, akafunga kioo. Akina mama wa jumuiya walipokuja kusali waliziona, wakadhani ni za mtoto aliyefariki, na kwa heshima hawakuuliza. Paskalina aliligundua hilo baada ya muda mrefu na hakuwasahihisha, maana maelezo ya kweli yangemtia aibu zaidi.

Mtu aliyemwelewa alikuwa Mbeya, na walikuwa hawajaonana hata siku moja. Huyu ni mzee Isakwisa, mstaafu wa reli, Mnyakyusa anayeishi Iyunga, waliyekutana naye kwenye kundi la WhatsApp la watu wenye ugonjwa huohuo. Kundi lilikufa, kama yanavyokufa makundi yote, kwa matangazo ya biashara na picha za kheri ya Jumapili, lakini wao wawili wakaendelea kupigiana simu. Kila Jumapili baada ya misa Sosthenes alipiga, akaanza na salamu ya Kinyakyusa, "ugonile, mzee wangu" kwa lafudhi ya Kihehe iliyomchekesha mzee kila mara, kisha wakaingia kwenye mambo ya bawaba na pini mpaka salio likaisha.

Mzee alikuwa na lugha yake. Roboti likikunjwa kuwa ndege, alisema amemlaza. Ndege ikikunjuliwa kuwa roboti, alisema amemwinua. Kila kiungo kikifika mahali pake hubana na kutoa sauti, ta!, na hapo husema amelia. Sosthenes, ambaye shuleni Kiswahili ndilo somo pekee alilopata A, alijaribu kumrekebisha: ndege ya kivita ni "ndege hii", na "ndege huyu" ni yule mwenye manyoya. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba chenye magoti ni mtu. Sosthenes hakulizungumza tena, ingawa kila aliposikia "ndege huyu" meno yalimuuma kidogo.

Kisha mikono ya mzee ikaanza kutetemeka. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, baadaye mchana kutwa, na ikafika mahali hawezi kushika kikombe kilichojaa, sembuse pini nyembamba kama njiti. Daktari alimpa dawa na jina la ugonjwa. Dawa alizimeza, jina akalisahau. Alikuwa na ndege nyingi, zilizoingia nchini kwa mafurushi ya mitumba kupitia Tunduma na kuokolewa na yeye moja moja, na mpwa wake aliyekuwa akimtunza alikuwa ameshasema wazi kwamba siku akizirithi atazipeleka mnadani Chimala, azimwage kwenye turubai pamoja na ndala.

Jumapili moja mzee alisema anamwachia Sosthenes zote. Lakini palikuwa na sharti, nalo alilisema polepole ili lisikosewe. Angeanza kutuma moja, ile ya kijivu yenye mabawa yanayofungika na kufunguka, ambayo Sosthenes alikuwa ameitamani tangu alipoiona kwenye picha. Ikishafika, Sosthenes aigeuze huku simu ikiwa wazi, mzee asikilize. Video za simu yake zilikuwa zinakwamakwama, ila masikio yalikuwa mazima. Akiridhika na mikono ya Sosthenes, zilizobaki zitafuata. Asiporidhika, Chimala.

"Mimi sitafuti mtu wa kuwaweka kabatini, Kalinga," alisema. "Ukitaka kitu cha kukaa kabatini, nunua sahani."

Paskalina, aliyekuwa karibu akichambua maharage, alisema amina.

Mzee alifunga boksi mwenyewe, kwa mikono ileile, na ubavuni akaandika kwa kalamu nene jina la Sosthenes, namba ya simu, na maneno haya: NDEGE MZIMA. ASHIKWE TARATIBU. Angeandika "nzima" isingetokea habari yoyote. Lakini aliandika kama alivyozoea kusema, na boksi likapanda basi la asubuhi.

Sasa, watu wa mabasi ya njia ile wanamjua Sosthenes Kalinga. Ni yule bwana wa duka la pembejeo, mpokeaji wa maboksi ya vifaranga. Maboksi ya vifaranga yana matundu pande zote, na hupakiwa juu ya mizigo mingine ili yapate hewa. Hili la ndege mzima halikuwa na tundu hata moja. Konda aliliona lilipofika Chimala, akalitikisa, akasikia kitu kinagonga, akamlaani aliyelifunga. Akaazima bisibisi kwa dereva, akatoboa matundu kila upande, kwa nguvu, kwa sababu katoni lilikuwa gumu na yeye alikuwa na huruma. Makambako akamimina maji kidogo. Abiria mmoja, mama mwenye roho nzuri, akatia chenga za mahindi.

Kwenye stendi ya Igumbilo, Iringa, mpokeaji mizigo, Joachim, alimkabidhi Sosthenes boksi kwa mikono miwili na uso wa msiba.

"Yuko kimya tangu Mafinga, bosi. Nadhani amekufa."

Alimweleza yote, konda, bisibisi, maji na chenga, ili ajue kwamba watu walijitahidi. Sosthenes alisimama na boksi linalovuja uji wa mahindi kifuani, akatafuta mtu wa kumgombeza, akakosa. Wote walikuwa wamefanya vizuri. Alishukuru, akatoa hela ya soda, akaondoka.

Nyumbani aliitoa ndege boksini, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, ya kijivu kama jiwe la kunolea kisu, na ilikuwa imelowa. Bawa la kushoto lilikuwa limetobolewa tundu safi la bisibisi, likitokea upande wa pili. Aliikausha kwa kitambaa, akatoa chenga moja moja kwa kibanio cha nyusi cha Paskalina, na roho ilimuuma, hasa kwa sababu ilikuwa nzuri.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu lile goti jekundu. Akaigeuza. Alitaka kujua kabla ya Jumapili mzee atasikia nini. Vidole vilimtetemeka karibu kama vya mzee mwenyewe, lakini vilikumbuka kazi: fungua kibanio kwanza, vuta, zungusha, sukuma. Nyonga zikalia. Magoti yakalia. Kifua kikakunjuka, kichwa kikachomoza, bega la kushoto likalia ta!, safi kabisa. Bega la kulia likaingia mahali pake kimya.

Aliirudisha, akaigeuza tena. Kimya. Akamulika kwa tochi ya simu, asione kitu, maana kiungo kile kimefunikwa. Akahitimisha kwamba bisibisi ilifika ndani ikakata kibanio. Tundu la bawa lisingesikika kwenye simu, mzee angeweza kuelezwa taratibu baadaye. Bega lingesikika. Au tuseme lisingesikika, na hapo ndipo balaa lilipokuwa, kwa sababu mzee angejua limevunjika na asingejua limevunjwa na nani. Kwake ingekuwa mikono ya Kalinga, mikono ya mvunja magoti, maana Sosthenes kwa ujinga alikuwa amemsimulia habari za ile nyekundu. Na mwenye mikono hiyo hapewi zilizobaki.

Wiki ile dukani mtu aliyeomba dawa ya kupe alimpa ya minyoo ya mbuzi, na mwingine akamrudishia chenji ya mwenzake. Njia iliyonyooka ilikuwepo, nayo ni kupiga simu na kusema. Aliifikiria mara nyingi. Lakini kila alipoifikiria aliona turubai la Chimala, ndala zimelundikwa juu ya mabawa, akaona ni heri aseme baada ya nyingine kufika. Watu wazima tuna namna nyingi za kuita uongo, na "baadaye" ni mojawapo.

Jumapili alirudi kutoka misani, akaweka simu mezani, sauti juu, na ile ndege mbele yake. Paskalina alikaa kochi la pembeni bila kualikwa. Walisalimiana na mzee, wakaulizana hali ya mvua. Mzee akauliza kama mgeni alifika salama. Sosthenes akasema alifika. Kupitia simu wakasikia kuku wa Iyunga wakiparura.

"Haya," alisema mzee. "Mwinue."

Sosthenes alianza. Nyonga zikalia, moja, nyingine. Upande wa pili mzee aliguna kidogo, mguno wa mtu anayeonja mboga na kukuta chumvi imetosha. Magoti yakalia. Kifua kikakunjuka. Mikono ya Sosthenes ilikuwa imetulia sasa, hata yeye alishangaa, ilikuwa ikienda bila papara, na kwa muda mfupi alisahau kabisa kilichokuwa mbele yake, akafurahi tu. Bega la kushoto likalia ta! Akalishika la kulia, akalisukuma, na lilipoingia mahali pake, akiwa ameinamia simu, akapiga ulimi kwenye kaakaa.

Ta!

Paskalina aliacha kujipepea. Sosthenes hakumtazama.

Alidhani mtandao umekatika, akaangalia, sekunde zilikuwa zinahesabika. Kuku bado walikuwa wanaparura.

"Kalinga," mzee alisema mwishowe, bila hasira yoyote. "Huyo bega la kulia hajawahi kulia. Kibanio chake kilikufa mimi bado niko kazini. Nilimtia kipande cha ndala humo ndani ili mkono usianguke." Akapumua. "Sasa ni nani aliyelia?"

Paskalina aliinuka taratibu akaenda jikoni, na huo ulikuwa ukarimu mkubwa kuliko wote aliowahi kumfanyia. Sosthenes alibaki na uso unaowaka. Aliona aibu, aibu nzito ya mtu mzima aliyeshikwa akifanya la kitoto, na juu yake akaona jambo baya zaidi, kwamba alikuwa amedanganya ili kuficha kitu ambacho hakikuvunjika.

"Ni mimi, mzee wangu," alisema. "Nimepiga ulimi."

Ndipo akaeleza yote tangu mwanzo: konda, matundu, maji ya Makambako, chenga za mahindi, maneno ya Joachim, tundu la bawa, tochi, na kwamba aliogopa kukosa zilizobaki. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kujikatiza. Alipofika mwisho, mzee aliuliza swali moja tu, kama tundu la bawa limetokea upande wa pili. Sosthenes akasema limetokea.

Sosthenes alikuwa ameshaliona turubai likitandikwa.

"Mlaze," alisema mzee. "Halafu mwinue tena. Safari hii unyamaze."

Sosthenes alimlaza, akamwinua. Nyonga zikalia, magoti yakalia, kifua, kichwa, bega la kushoto. Alilishika bega la kulia akalisukuma taratibu mpaka likakaa, na hapo hapakusikika kitu, Iringa wala Mbeya.

"Ehe," alisema mzee. "Huyo ndiye. Wenzake hawapandi basi. Njoo uwafuate mwenyewe, nikuone hiyo mikono."