Viza Haitakiwi, Ruhusa Inatakiwa

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo nikifumba macho naiona kama ya jana. Mama yangu amesimama katika uwanja wa ndege Nairobi, amevaa sweta yake ya kijani na kitambaa kipya kichwani, ameikamata pasipoti kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa yai.

Usinicheke nikikuambia hayo ni mambo ya ujana wangu. Mvi nilikuwa nazo tayari, na duka langu la mbegu hapa Ruiri, chini ya mlima, lilikuwa limeshanizeesha. Lakini kwa habari ya ndege na mipaka nilikuwa mtoto kabisa. Kaka yangu Mutwiri, mwenye bucha pale Kinoru, alikuwa mtoto kunishinda, ila yeye hakujua.

Tulikuwa tunaenda Shelisheli kwa wiki moja. Mdogo wetu Karimi ni muuguzi huko, na alikuwa amejifungua msichana wa pili. Katika ukoo wetu, msichana wa pili huchukua jina la mama wa mama yake. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa anamngoja mama yetu, Kaari, afike kabla ya ubatizo wa Jumapili, amshike na kumwita kwa jina lake mwenyewe. Mama alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote. Majirani walikuwa wamemwombea kanisani, na wengine walikuja nyumbani kuiangalia tu hiyo pasipoti.

Karimi alikuwa amemtumia Mutwiri ujumbe mrefu kwa simu, akimweleza kila kitu kinachotakiwa. Mutwiri akasoma mwanzo wake, pale palipoandikwa kwamba Mkenya hahitaji viza kuingia Shelisheli, akarudisha simu mfukoni akiwa na furaha tele. Chanjo ya homa ya manjano tulipata kwa sababu Karimi alimpigia Mama mwenyewe akamwambia.

Jioni ya kuamkia safari, tukiwa jikoni kwake tunakunywa chai, Mama akamgeukia Mutwiri.

"Wenye nchi wanajua tunakuja?"

"Mama, kule hakuna viza. Ni kuingia tu!"

"Mlango wangu hapa uko wazi mchana kutwa," Mama akasema. "Kuna jirani amewahi kuingia mpaka jikoni bila kupiga hodi?"

Mutwiri alicheka mpaka chai ikammwagikia. Mama hakucheka. Alisema tu kwamba kesho tutaondoka mapema sana, na hakuna aliyethubutu kubishana naye. Ndivyo tulivyofika uwanjani hata kaunta haijafunguliwa, tukakaa juu ya mizigo yetu tukila viazi vitamu.

Kaunta ilipofunguliwa tulikuwa wa kwanza. Msichana aliyekuwa pale alitupokea vizuri, akamsalimia Mama kama bibi yake.

"Shikamoo, shosho. Naomba pasipoti zenu na ruhusa za kuingia."

"Ruhusa gani?" Mutwiri akauliza. "Si Mkenya hahitaji viza kule?"

"Ni kweli, viza hamhitaji. Lakini kila mgeni anaomba ruhusa kwa mtandao kabla ya kusafiri. Bila hiyo siwezi kuwapandisha kwenye ndege."

Nilimtazama Mama nikamfikiria Karimi, ambaye alikuwa ameshapika na kualika watu. Mutwiri alitoa jasho kama yuko mbele ya jiko.

"Muda mnao," yule msichana akasema. "Kaeni pale mjaze kwa simu. Lakini mtumie tovuti ya serikali yao yenyewe. Kuna nyingine za walaghai zimefanana nayo sana."

Tukakaa. Tukajaza majina kama yalivyo kwenye pasipoti, ndege tutakayopanda, siku ya kurudi, na nyumba tutakayolala. Kisha picha. Nilimsimamisha Mama penye ukuta mweupe. Picha ya kwanza alikenua meno yote. Ya pili alifumba macho. Ya tatu alikuwa anamsalimia mtu aliyepita. Wasafiri waliokuwa karibu walianza kumshangilia, na ya nne ilipotoka sawa walipiga makofi, naye akawainamia kama bibi harusi.

Jibu la Mama lilikuja kwanza, halafu langu. La Mutwiri likarudi: picha haionekani. Alikuwa amejipiga picha haraka haraka dirisha likiwa nyuma yake, uso wote ni kivuli. Akapiga nyingine, akatuma, tukangoja. Watu wakaisha kwenye foleni. Yule msichana akatuita, akasema anafunga kaunta.

"Nendeni," Mutwiri akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mtoto asikose jina kwa sababu yangu."

Mama akamshika shavu, kama alivyokuwa akimshika akiwa mdogo.

"Sijakasirika. Lakini siku nyingine mtu akikuuliza swali, litafutie jibu kwanza. Kucheka utacheka baadaye."

Tukamwacha, mimi na Mama tukapanda ndege. Tulipofika Shelisheli, afisa wa uhamiaji alituuliza maswali yake: mtalala wapi, mtakaa siku ngapi, tikiti ya kurudi iko wapi. Kumbe hata ukiwa na ruhusa mkononi, neno la mwisho ni la yule aliye mlangoni. Akamtazama Mama, akauliza amekuja kufanya nini. Nikamtafsiria.

"Mwambie kuna mtu mpya ana jina langu," Mama akajibu. "Nimekuja kumpelekea."

Yule afisa alicheka, akagonga muhuri, akamtakia mtoto heri.

Jumapili Mama alimshika yule mtoto, akampulizia pumzi usoni, akamwita: "Kaari." Mtoto akapiga chafya, watu wote wakasema amekubali! Karimi alilia, nami nikalia, na Mama akatuambia tunamtisha mgeni.

Mutwiri alifika Jumanne, ruhusa yake ameichapisha nakala nyingi na nyingine ameziweka ndani ya soksi. Aliwekewa mtoto mikononi, na kwa kuwa mtoto amebeba jina la Mama yetu, Mutwiri alimwita "Mama" na kumwomba radhi kwa kuchelewa. Tulicheka mpaka jirani wa Karimi akaja kuuliza kuna nini.

Sasa wewe unayepanga matembezi ya siku chache nje ya nchi, nakuomba hivi. Ukisikia nchi fulani haitaki viza, furahi, lakini endelea kusoma mpaka mwisho. Uliza kama wanataka ruhusa ya mtandaoni, na uiombe kwao wenyewe siku kadhaa kabla, ukitulia, si ukiwa umeketi juu ya mzigo. Wala usikae zaidi ya siku ulizopewa. Masharti hubadilika, yaliyonipeleka mimi huenda yasikupeleke wewe, basi yaangalie upya kila safari. Na ukisafiri na mzee, msikilize. Maswali yake si uzee.

Nenda salama, mwanangu. Popote utakapofika upokelewe kwa kicheko, ulale penye amani, na Mungu wa mlima huu akurudishe kwetu ukiwa na mengi ya kutusimulia.