Bi Pindo na Protini ya Shanga

Wateja walimwita Bi Pindo kwa sababu hakuna pindo lililowahi kumshinda. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa mtu wa kucheka: akianza, mashine inasimama na mteja anasahau kilichomleta.

Asubuhi moja alikanyaga pedali, mguu wa kushoto ukakataa. Ulikuwa umevimba hadi pajani, una moto, unauma kama jino bovu. Mumewe, kinyozi wa chumba cha pili, alimwacha mteja na kichwa nusu akamkimbiza hospitali. Huko wakaona bonge la damu ndani ya mshipa wa paja. Akalazwa, akaanza kuchomwa heparini, dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda.

Siku tatu zikapita, dozi ikapandishwa, vipimo vya kuganda kwa damu havikusogea. Wauguzi walishuku mashine ya maabara. Mtaalamu wa maabara, mama mfupi asiyekubali jibu nusu, alirudia kipimo kwa mkono wake, kisha akaomba damu nyingine apime protini iitwayo antithrombini. Majibu aliyaleta wodini mwenyewe, mbiombio, utadhani kapata mjukuu. Bi Pindo alikuwa na nusu tu ya kiwango cha kawaida, tena amezaliwa hivyo.

Daktari alivuta kiti akamweleza. Damu inapoganda, kazi kubwa hufanywa na thrombini, nayo ikiachiwa haijui kuacha. Antithrombini ndiyo breki yake. Ni mnyororo wa viungo mia nne thelathini na viwili, uliokunjwakunjwa. Kwenye mwili wake mistari mitano imelala sambamba, na juu kimechomoza kitanzi kama chambo. Thrombini ikikiuma, kitanzi hukatika, kikazama katikati ya ile mistari na kuwa mstari wa sita, huku kikiiburuta thrombini hadi upande wa pili. Hapo imenasa, haitoki tena. Heparini yenyewe haikamati kitu. Huifanya antithrombini iinase thrombini upesi mara elfu zaidi.

"Sasa mama, kama breki zenyewe ni chache, dawa itamharakisha nani?"

Bi Pindo alifikiri kidogo. "Kwa hiyo, protini hiyo inakufa na adui yake?"

"Zote mbili ndiyo basi tena."

"Basi ina moyo kuliko mume wangu, anayekimbia mende."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini, na mumewe, aliyekaa kando ya kitanda, akacheka kumzidi.

Dawa ikabadilishwa, akapewa vidonge visivyohitaji msaada wa antithrombini. Wiki mbili baadaye mguu ulikuwa umepungua, naye yuko nyumbani, lakini kile kitanzi hakikumtoka akilini. Akatunga shanga mia nne thelathini na mbili, mumewe akihesabu na kukosea mara tatu. Akazikunja, akazishonea vitambaa vitano vyembamba sambamba, na juu akaweka kitanzi cha lastiki iliyovutwa, imeshikwa na pini. Thrombini ilikuwa kifungo chekundu cha koti, kimeunganishwa na kibanio cha nguo. Kibanio kikiuma kitanzi, pini inachomoka, lastiki inarudi kwa kishindo, na kifungo kinaburutwa hadi chini.

Siku ya kliniki akaiweka ile protini ya shanga mezani maabara. Yule mama akaifyatua. Akaifyatua tena. Akaita wenzake, wenzake wakaita wanafunzi, na foleni nzima ya daktari ikahamia maabara. Kila mtu alitaka zamu yake. Mtaalamu aliona kasoro moja tu: kitanzi kimekaa chini mno. Bi Pindo akatoa sindano, akafumua na kushona upya pale pale, amesimama, miguu yote miwili imara.

Kwa kuwa jambo lenyewe ni la kurithi, ndugu waliitwa kupimwa. Walikuja wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini. Kaka yake alikutwa salama. Shangazi yake, aliyeishi na mguu mzito miaka thelathini huku jirani yake akisema amekanyaga dawa ya mchawi, alikutwa na nusu kama mpwawe.

Shangazi aliisoma karatasi ya majibu mara mbili, akaikunja vizuri.

"Nipelekeni kwanza kwa jirani," alisema. "Nina neno naye."

Walimpeleka wote, kaka mbele, kinyozi nyuma, na Bi Pindo katikati amemshika mkono shangazi yake, wanacheka njia nzima.