Sahani za Msiba Zilipokwenda Chuoni

Jua ndiyo kwanza linagusa mabati ya mabweni, na Mama Sahani tayari amechuchumaa nyuma ya ukumbi wa chuo, mabeseni matatu mbele yake. La kwanza lina maji ya moto na sabuni. La pili ni la kusuuza. La tatu, anasema, ni la kusuuza kilichokwisha suuzwa, maana yeye haamini mkono wa mtu, hata ukiwa wake mwenyewe.

Anachukua sahani ya bati, anaigeuza, anatazama doa la rangi ya kucha lililopakwa chini yake kama alama, kisha anapitisha kidole ukingoni kutafuta palipobanduka. Iliyobanduka anaiweka kando.

"Hii haiingii ukumbini," anasema. "Watasema watu wa mtaani tumewalisha kutu."

Sahani ziko mia nne. Zimeletwa na jirani yake, msukuma mkokoteni anayeitwa Breki, jina alilopewa kwa kuwa mkokoteni wake hauna.

Leo ni siku ya mazingira hapa chuoni. Bango la getini linasema chuo na mtaa vishikane mikono, watu wanunue cha jirani, na taka zipungue. Bango lenyewe ni la plastiki. Fulana za wanakamati zimeandikwa "Nunua Cha Mtaani" kifuani, lakini lebo ya shingoni inasema zimeshonwa ng'ambo, na huku mtaani mafundi cherehani wanapiga miayo mchana kutwa. Hayo ni mambo ya wakubwa, na mambo ya wakubwa hayaulizwi.

Kilichomleta Mama Sahani ni sharti moja ambalo kamati imeliweka mwaka huu: chakula kisipakuliwe kwenye sahani ya kutupa. Na nyuma ya sharti hilo kuna ahadi. Siku ikienda vizuri, chuo kitakodi sahani za mtaa kwa shughuli zake zote za mwaka, kuanzia semina mpaka mahafali.

"Mwaka mzima," anarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Tangu nitoke mkahawani sijawahi kujua keshokutwa nitaosha nini."

Mkahawa huo ulikuwa karibu na soko kuu, na aliosha vyombo pale kwa miaka kumi na miwili. Kisha mwenye mkahawa akaleta maboksi meupe mepesi, yale ya kula na kutupa.

"Hakutufukuza," anakumbuka. "Tulikuwa waoshaji watatu. Alituonyesha tu sinki kavu, akatuuliza sisi wenyewe tunaonaje."

Maboksi yale hayakwenda mbali. Masika yalipofika yaliziba mtaro wa mtaa, maji yakaingia mpaka vyumbani. Wakubwa walikuja na viatu vya mpira, wakaupiga mtaro picha, wakaondoka na picha. Mtaro wakauacha. Waliouzibua ni akina mama, kwa majembe na mabeseni, na hapo ndipo walipoanza kukaa kama chama.

Jambo la kwanza walilokubaliana ni sahani. Kila alipokufa mtu, watoto walitumwa nyumba hadi nyumba kuazima vyombo, na kila baada ya matanga ulizuka ugomvi wa sahani ya nani imekwenda kwa nani. Wakachanga kidogo kidogo, wakanunua za aina moja, wakamkabidhi mtu ambaye mikono yake ilijulikana.

Pasipo na msiba, sahani hukodishwa. Kumi hukodishwa kwa bei ya nusu trei ya mayai, na fedha hiyo hugawanywa sawa kati ya chama na mwoshaji. Pakiwa na msiba, hakuna bei. Kanuni yao ni fupi na kila mtoto wa mtaa anaijua: msiba haukodi na msiba haupangi foleni.

Mume wake, mlinzi wa ghala la saruji, hulalamika kwamba ndani ya nyumba yenye sahani mia nne yeye anakulia kwenye mfuniko wa sufuria. Mama Sahani hakanushi. "Za chama ni za chama," anasema.

Ukumbini viti vinapangwa. Kabla sahani ya mwisho haijapanda kwenye chanja, wifi yake, mshonaji wa sare za shule, anatokea kwenye kona ya jengo akitembea upesi, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Wifi, acha hizo sahani."

"Niziache niende wapi?"

"Mke wa fundi viatu amefariki. Alfajiri hii, hospitali."

Mkono wa Mama Sahani unabaki ndani ya beseni. "Si jana alikaa kitako, akaomba chai?"

"Jana ni jana. Wanazika leo leo, saa nane. Watu wakitoka makaburini watarudi nyumbani kula. Sahani ngapi zimebaki kwako?"

"Hakuna."

"Hakuna hata moja?"

"Walitaka mia nne, wifi! Chama kinazo mia nne. Ningewaambia nini?"

"Kwa hiyo ulipowakubalia ulidhani mtaa mzima umeahirisha kufa?"

Mama Sahani anautoa mkono majini. Wanainama pamoja juu ya mabeseni, wanapiga hesabu ya saa. Chakula cha chuo ni saa sita. Wanafunzi wakila upesi, sahani zitaoshwa na kupakiwa, na Breki atakimbia. Waombolezaji watakuta vyombo vipo.

"Inawezekana," anasema Mama Sahani. "Mradi wale kwa wakati."

Wifi anacheka kicheko kikavu. "Wakubwa? Kwa wakati?" Anaondoka kwenda kwenye nyumba ya msiba.

Saa sita inafika na masufuria yanatoa mvuke. Chakula kimepikwa na mama ntilie wa nje ya geti, na hilo lazima lisemwe, kamati ilifanya vyema. Kwenye vibanda kuna fundi baiskeli, mtengeneza sabuni, wasuka vikapu na wauza mboga. Wanafunzi wanazunguka, wanashikashika bidhaa, macho yako kwenye masufuria.

Mgeni rasmi hajafika. Yuko njiani.

Saa saba bado yuko njiani. Mama Sahani anajifuta mikono kwa kitenge na kumwendea katibu wa kamati, mhadhiri kijana aliyevaa tai ya kijani juu ya fulana.

"Mwalimu, chakula kiko tayari tangu zamani."

"Tunamsubiri mgeni, mama. Yuko njiani."

"Saa sita pia alikuwa njiani."

"Ndiyo. Njia ni ndefu."

"Mwalimu, mimi nina msiba. Sahani hizi zinatakiwa mtaani."

"Oh, pole sana, mama. Ni nani?"

"Mke wa jirani yangu."

Katibu anashusha pumzi. "Kumbe si ndugu."

"Ndugu zangu wako mbali, mwalimu. Nikifa leo, atakayeniosha ni jirani."

Katibu anatazama saa yake, halafu anatazama mlango wa ofisi kuu. "Lakini tulikubaliana siku nzima, mama. Sahani mia nne, siku nzima."

"Tulikubaliana," anakiri. Hapo hana la kubisha. Kanuni ya msiba hakuitaja siku ile ya makubaliano. Aliogopa kuitaja, kazi isije ikamponyoka.

"Basi wapakulie hawa wanafunzi," anaomba. "Wakila sasa, tunaosha, na mgeni akija atapewa sahani iliyo safi kuliko zote."

"Siwezi. Mkuu wa chuo amesema asile mtu kabla ya hotuba."

"Mkuu yuko wapi?"

Katibu anaelekeza kidevu kwenye madirisha yenye mapazia.

"Na yeye, hajala?"

Katibu anakagua ncha za viatu vyake. Ni kijana mwema, kila aliyefanya naye kazi anasema hivyo, lakini wema wa mtu wa chini huishia kwenye mlango wa mtu wa juu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakuwa na wageni rasmi.

Mama Sahani anarudi kwenye mabeseni yake na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.  Mbele yake iko kazi ya mwaka. Upande wa pili wa barabara yupo mwanamke aliyeshika naye jembe bega kwa bega siku ya kuzibua mtaro, na leo anapelekwa kuzikwa.

Simu yake inalia. Ni wifi. "Jeneza limetoka," inasema sauti. Hakuna la zaidi.

Anasimama. Anatandika gunia na kuanza kushusha sahani kwenye chanja, kumi kumi, shuka chakavu katikati ili zisigongane.

"Mama, tunapakia?" anauliza Breki.

"Pakia."

"Na ile kazi ya mwaka?"

"Breki, nimesema pakia. Sikusema nihesabie."

Mkokoteni unapofika karibu na geti, katibu anakuja mbio, tai imehamia begani.

"Mama! Ukiondoka nazo, mimi kule ndani nitasema nini?"

"Sema zimeitwa."

"Hawatakuita tena hapa. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mwanangu." Hapandishi sauti. "Lakini wewe ukikosa sahani, utatuma gari dukani. Yule fundi viatu leo atamtuma nani?"

Katibu anairudisha tai kifuani. Wanafunzi wanapisha. Mmoja anauliza sasa watakulia kwenye nini, na mwenzake anamjibu, "Leo tunakula hotuba." Kicheko kinapita, na mkokoteni unapita chini ya bango.

Yaliyofuata chuoni yanasimuliwa na mama ntilie waliobaki. Gari la chuo lilitumwa duka la jumla, likarudi na katoni za sahani nyeupe za kutupa. Mgeni rasmi aliwasili vivuli vikiwa virefu, akahutubia kwa kirefu juu ya hatari ya taka, akapanda mti, akapakuliwa kwenye sahani nyeupe, akaondoka. Jioni uwanja ulikuwa mweupe na kunguru walikuwa wanachagua. Picha iliyotoka ilionyesha mti.

Mtaani, watu walirudi kutoka makaburini wakakuta sahani zimepangwa ubarazani. Fundi viatu alikuwa amekalia kigoda chake cha kazi, kwa kuwa viti vyote alikuwa amewapa wageni. Alipokea sahani akaishika magotini, macho ukutani, chakula kikipoa. Watu walimpa pole, wakamwambia ajikaze, wakamwambia ni kazi ya Mungu. Hakuna lililomfikia.

Mama Sahani alimwinamia. "Baba, kula. Nasubiri kuosha."

Fundi akamtazama, kisha akatazama sahani, kama mtu aliyekumbushwa kwamba kuna mwenzake anayemsubiri kazini. Akala. Hakula yote, lakini alikula.

Chuo kilitimiza neno la katibu: Mama Sahani hakuitwa tena. Kazi ya mwaka ilipewa kampuni yenye lori, inayoleta vyombo kutoka mji mwingine, lori likiunguza mafuta kwenda na kurudi. Kwenye tangazo waliiita mshirika wa mazingira.

Kikao cha chama hakikuwa chepesi. Wako waliosema angeacha sahani nusu chuoni. Wako waliosema unga wa wengi umemwagwa kwa ajili ya mlo mmoja. Mama mmoja aliuliza kama marehemu angejua tofauti.

"Marehemu asingejua," alijibu wifi mtu, sindano mdomoni. "Wewe ungejua. Na siku yako ikifika, ungelala hapo ukijiuliza sahani ziko semina gani."

Walicheka, halafu wakapitisha: mapato ya kukodisha yatanunua sahani nyingine mia mbili ambazo hazitavuka mtaa. Zilizopo ndizo zitakazotembea. Mama Sahani aliomba jambo moja lake: sinki la saruji lenye bomba, la kuoshea vyombo mtu akiwa amesimama. Mgongo wake, anasema, umechuchumaa kwa ajili ya nchi nzima. Hilo halijapita bado. Linasubiri mvua ziishe, na linasubiri fedha.

Wiki iliyopita alipata mgeni. Alikuwa katibu, safari hii bila tai. Alikaa juu ya magunia, akapewa chai, akazunguka sana kwa maneno kabla ya kufika kwenye shida yake. Wanafunzi wenyewe, alisema, wanaandaa siku yao mwisho wa muhula, watakusanya taka za mtaro na kununua vyakula vya mtaani. Ofisi kuu haiwapi hata chaki. Wanaomba sahani.

"Mkuu anajua umekuja?"

"Hapana, mama."

"Basi tuongee."

Alimpa masharti yake, na safari hii hakuficha hata moja. Zile mia mbili hazijanunuliwa bado, kwa hiyo msiba ukitokea, sahani zinaondoka, hata kama mtu ameinua tonge. Saa ya kula ataitaja yeye, na ikifika, watu wanakula. Katibu alikubali yote. Mlangoni akageuka, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Na kama patatokea mgeni rasmi, mama, halafu akachelewa?"

Mama Sahani alikuwa ameshaanza kupanga sahani.

"Akichelewa," alisema, "atatukuta tunaosha."