Piko Miguuni mwa Ghazala

Piko, ile rangi nyeusi ya kupambia mabibi harusi, ikishakorogwa hutoa harufu kali inayopanda puani na kugoma kutoka. Wenzangu wakiisikia hukumbuka harusi, ngoma na vigelegele. Mimi humkumbuka mbwa. Chekeni tu, nami mwanzo wa kisa hiki huwa nacheka kidogo.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Riyadh, mtaa wa Shumaisi, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo ngazi zake zilinuka dengu za majirani tangu asubuhi. Baba alikuwa bwana mifugo kutoka Tanga. Alikuja Saudia kutibu ngamia wa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, mzee mmoja tuliyemwita Abu Nasir. Lakini Abu Nasir alipomwona Baba siku moja akimtoa saluki, mbwa wa mbio wa Kiarabu, mwiba wa unyayoni bila yule mnyama kumng'ata, akamhamisha kutoka kwa ngamia. Tangu hapo kazi ya Baba ikawa kuwafunza mbwa wa mbio kuwinda sungura.

Hapo ndipo vita vya nyumbani kwetu vilipoanza. Mama alikuwa mtoto wa chuoni, chuo cha Kurani, na huko alifundishwa kwamba mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Abu Nasir alikuwa akicheka akisikia hayo. Kwake yeye saluki hakuwa mbwa, alikuwa muungwana wa jangwani, hulala ndani ya hema pamoja na watoto. Baba akamletea Mama maneno hayo kama yalivyo.

"Ana mkia?" Mama akauliza. "Anabweka? Basi ni mbwa. Kaoshe."

Kwa hiyo mlangoni kwetu palikaa kopo la maziwa lililojaa mchanga. Kazi yangu ilikuwa kulijaza kutoka kwenye kiwanja cha jirani kilichokuwa kikijengwa, na kumhesabia Baba anapoosha mikono pale koridoni. Moja, mbili, tatu, mpaka saba, kwa sauti, Mama akisikiliza kutoka jikoni. Nikiruka namba Baba alirudia kuosha kuanzia mwanzo, nami niliruka makusudi. Baba hakunisemea hata siku moja.

Mbwa aliyenitia wazimu mimi aliitwa Ghazala. Alikuwa mweupe wa maziwa, mwembamba hata mbavu zinahesabika, masikio yake yana manyoya marefu laini kama nywele zilizochanwa. Baba alimpokea akiwa kitoto na hakuruhusu mtu mwingine yeyote amlishe. Alisema saluki humsikiliza mkono uliomlisha, si mdomo unaopiga kelele. Tende na maziwa ya ngamia vilitoka kiganjani mwake, na baadaye, kwa kuwa nililia sana, kiganjani mwangu pia. Mama hakuambiwa hilo.

Ijumaa tulikwenda shambani kwa Abu Nasir nje ya mji, istiraha yenye uzio, tangi la maji na vibanda vya mbwa. Baba alianza kumfundisha Ghazala kwa jarbuu, panya wa jangwani anayeruka kwa miguu ya nyuma, ambaye hugeuka ghafla na kumfundisha mbwa kugeuka. Kisha akamkimbizia ngozi ya sungura iliyofungwa kamba nyuma ya pikapu. Mwisho kabisa sungura wenyewe. Kukimbia Ghazala hakuhitaji kufundishwa. Lililomchosha Baba ni kumfundisha kumshika sungura bila kumrarua, amkalie tu pale mpaka mtu afike na kisu na bismillahi yake. Ilichukua miezi. Siku alipoweza, Baba alipiga magoti kwenye changarawe akamkumbatia, mate na yote, na jioni ile mchanga wa kopo uliisha.

Halafu kulikuwa na hina. Changarawe ya kule inakata, kwa hiyo kabla ya siku ya kuwinda Baba aliwapaka saluki hina nyayoni na kuwafunga vitambaa mpaka asubuhi, ngozi ikakakamaa. Ni desturi ya wenyeji, hakuizua yeye. Mimi niliona ni mapambo. Mama yangu alikuwa akiwapamba mabibi harusi wa Kiafrika pale Riyadh, na kila mara nilimsikia akisema kwamba hina tupu ni ya watoto, bibi harusi hajapambwa mpaka apakwe piko nyeusi. Alikuwa na kapu lake. Hina niliruhusiwa kuigusa. Kikopo cha piko nilikatazwa, tena kwa kofi, kwa sababu piko ni dawa ya kutia nywele weusi, inaunguza. Nataka mjue kwamba nililijua hilo.

Mwaka ule ikama zetu, vibali vya kukaa nchini, zilikuwa zinakaribia kwisha. Nilikuwa nawasikia wazazi wakinong'ona juu yake, Mama akiuliza, Baba akijibu kwamba Abu Nasir amesema ngoja. Wageni wake wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Jeddah kumwona Ghazala akikimbia. Wakishaondoka, ndipo atakaa na Baba kuzungumza habari ya mkataba. Kwa hiyo kukaa kwetu Riyadh, shule yangu, kapu la Mama, vyote vilikuwa juu ya miguu minne ya mbwa yule, na mimi kwa akili zangu nikaona miguu hiyo inastahili kupambwa.

Alhamisi baada ya alasiri Baba alinipa bakuli na hina, akaniambia nimpake Ghazala mwenyewe, yeye anatengeneza pikapu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuaminiwa. Kikopo cha piko kilikuwa ndani ya mkoba wangu wa shule. Nikakikoroga chote. Ghazala alininusa, akageuza uso, kisha akanipa mguu kama alivyofundishwa, kwa sababu mkono ulikuwa ule uliomlisha tende. Nikampaka miguu yote minne, nikamfunga vitambaa. Tulilala hukohuko istiraha, nami nililala kwa raha.

Asubuhi alikuwa amevirarua vitambaa kwa meno. Nyayo zilikuwa nyekundu, zimetoka malengelenge, na kwa kuwa alikuwa amejilamba, ulimi na koo vilikuwa vimevimba. Alipumua kwa sauti ya kukoroma. Baba alimpiga sindano mbili, akamfungua mdomo, akamwagia maji. Kisha akalitazama bakuli. Kisha akanitazama vidole.

Alinishika kifundo cha mkono, akanipeleka nyuma ya tangi la maji, akachota mchanga na kuanza kunisugua vidole. Nilidhani tunajiosha mate ya Ghazala, nikaanza kuhesabu kama kawaida yetu. Nilipofika saba hakuacha. Nane, tisa, kumi. Vidole vilianza kuwaka moto.

"Baba, saba zimepita."

"Nyamaza, mwanangu," akasema, akachota tena.

Mpaka kumi na moja nilihesabu, kisha nikaacha kwa sababu nilikuwa nalia. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa imechubuka, inatoa damu. Akanifunga kwa kitambaa cha kilemba chake. "Ulianguka kwenye changarawe," akaniambia. "Umesikia? Ulianguka." Nikaitika. Kwa kuwa sikuwa nimeanguka nilishangaa, lakini siku ile mambo ya kushangaza yalikuwa mengi.

Ghazala alikufa kabla ya swala ya Ijumaa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Abu Nasir. Wageni wa Jeddah walikuwa wamesimama pembeni na kahawa zao. Mzee yule hakupiga kelele, alikuwa analia machozi ya kweli, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

"Mimi, ya Abu Nasir," Baba akasema. "Nilichanganya dawa ya nywele kwenye hina. Nilidhani itakaza zaidi. Nimekosea."

"Wewe? Tabibu?"

"Mimi."

Abu Nasir alinyoosha mkono kupokea funguo za pikapu. "Halas," akasema, yaani basi, imekwisha, kisha akasema tena, taratibu, "halas." Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwao, vidole vimefungwa, na mdomo nilikuwa nao. Niliona nimeponea chupuchupu, nikamshukuru Mungu. Mtoto ana namna yake ya kushukuru.

Baba aligongewa huruj, ile ruhusa ya kutoka usiyorudi nayo, na sisi tuliokuwa kwenye makaratasi yake tukatoka naye. Jioni ya siku aliyokufa Ghazala Mama aliniosha vidole kwa maji ya uvuguvugu, akanipaka mafuta, akanipulizia. Kisha akaenda kulifungua kapu lake.

"Uliingia kwenye kapu langu," akamwambia Baba, "ukachukua piko yangu, ukaenda kumremba mbwa?"

"Ndiyo," Baba akajibu.

Tangu siku ile Mama aliongea naye kupitia kwangu. Mwambie baba yako chai tayari. Mwambie baba yako kuna mtu mlangoni. Tuliporudi Tanga, Baba alipata kibarua cha kuogesha ng'ombe kwenye josho, na Mama, ili nisome, alirudi Saudia peke yake kufanya kazi za ndani Jeddah, mtaa wa Nuzha. Alikuwa huko Baba alipofariki. Alilia kwenye simu, kisha akauliza kama kaburi limesakafiwa, na hakumtaja tena.

Mwaka mmoja baada ya mazishi nilimpamba rafiki yangu pale Tanga, na kwa mara ya kwanza tangu utoto nikashika piko. Ilinishika vidoleni. Nilisugua kwa sabuni haikutoka. Nikatoka nje nikachota mchanga, na nilipokuwa nasugua nikajisikia nikihesabu. Hapo nikakaa chini palepale uani. Mtu aliyezoea kuishia saba miaka yote hakosei hesabu. Alikuwa hasafishi mate. Alikuwa ananifuta mimi kwenye kisa kile, kabla Abu Nasir hajafika, na kabla Mama hajaniona. Na mimi nilikuwa nimemzika bila kumwambia hata asante.

Sasa mimi ni muuguzi hapahapa Jeddah. Mama bado yuko Nuzha kwa madam wake, na Ijumaa akiruhusiwa huja mtaa wa Karantina kuwapamba wasichana wa kwetu. Ijumaa iliyopita nilimkuta chumbani kwa bibi harusi anakoroga piko, ile harufu imejaa mpaka mlangoni. Nikakaa karibu yake nikamwambia yote: mkoba wa shule, bakuli, tangi la maji. Nilimwambia ni mimi, Mama, si Baba.

Aliacha kukoroga. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

"Mwanangu," akasema, "baba yako alikiri mbele yangu kwa mdomo wake. Wewe siku ile ulianguka kwenye changarawe. Vidole vyako nilivishika mimi, nilivipaka mafuta mimi. Kama ungekuwa na piko ningeiona. Usimbebee marehemu mzigo wake."

Nikaapa. Akanisihi nisiape. Kisha akarudi kwenye bakuli lake, na bibi harusi akanyoosha miguu. Nilibaki nimekaa pale, nikavitazama vidole vyangu kimoja baada ya kingine. Havina doa. Baba alivisugua vizuri.